Paji la Uso la Mama Mkwe

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nasema hivyo bila kujisifu, ingawa wenye wivu watasema najisifu. Mtu aliyekaa ndani ya chumba cha upasuaji miaka thelathini na mmoja, akaona ngozi ya uso wa binadamu ikishushwa kutoka utosini hadi kwenye nyusi kama foronya inayovuliwa kwenye mto, halafu mwenye uso wake akarudi wiki ya sita anacheka na kudai kadi yake ya kliniki, mtu huyo utamshangaza na nini tena? Elimu yangu ni darasa la saba. Nyumba yangu hapa Singida mjini ina vyumba sita na kisima chake uani. Piga hesabu mwenyewe.

Siku ya kwanza kazini sikuingia hata mlangoni. Nilikuwa kijana nimetoka kijijini kuja kupasua kuni katika hospitali ndogo ya wamisionari kule Iramba. Kuni zilikuwa za kuchemshia mtungi mkubwa wa chuma ambao ndani yake vyombo vya upasuaji vilipikwa kwa mvuke mpaka vijidudu vyote vife. Sista Mkuu wa chumba cha upasuaji alikuwa mwanamke mrefu asiyecheka. Alitoka nje, akanitazama na shoka langu.

"Wewe, unajua kusoma saa?"

"Najua, Sista."

"Na namba?"

"Kwa namba ndiye mimi mwenyewe."

"Basi njoo. Unaona mshale huu wa mtungi? Ukifika hapa, hesabu dakika thelathini. Ukiiba hata dakika tano ukaenda kula, kuna mtu atakufa, na wala hutajua jina lake."

Aliyekuwa akiangalia mshale kabla yangu alikuwa amehama. Mwezi haukuisha nikawa mimi ndiye mwenye mshale. Mwaka haukuisha nikawa naosha vyombo, navipanga kwenye trei na kuvifunga kwenye kitambaa, mafundo mawili, tarehe juu. Sikufundishwa darasani. Niliangalia mikono ya watu. Nilipohamishiwa wilayani, Mganga Mfawidhi alisoma barua yangu, akauliza, "Cheti kiko wapi?" Nikamwambia, "Nipe trei." Nilimfungia trei ya upasuaji wa ngiri macho nimefumba. Aliniandika kazi siku hiyohiyo. Kutoka wilayani nikaletwa mkoani, na mkoani ndiko nilikofika kileleni: watu wakaniita Bwana Mvuke, na hakuna kisu kilichogusa mtu bila kupita kwangu.

Sasa nieleze ugonjwa wenyewe, maana vijana mnaokuja na vyeti mnajua majina yake yote lakini hamjaona. Ndani ya mfupa wa paji la uso, juu kidogo ya nyusi, kuna uwazi. Daktari Bingwa wa masikio, pua na koo aliponiambia hivyo mara ya kwanza nilikasirika.

"Bwana Ntandu, hata wewe una uwazi kichwani."

"Daktari, sijasoma, lakini mtupu siko."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe kila mtu anao, mwenye digrii na asiye nayo. Ni chumba kidogo cha hewa, chenye mfereji wa kushushia ute puani. Mfereji ukiziba, ute unakaa, unaoza, unakuwa usaha. Mtu anaumwa kichwa asubuhi, akiinama anahisi jiwe linabiringika mbele. Watu wetu wanasema ni kipanda uso, wananunua vidonge dukani miaka na miaka. Mwishowe usaha unakula mfupa. Ukila kwa mbele, paji linavimba. Ukila kwa chini, jicho linasukumwa. Ukila kwa nyuma, nyuma ya pale ni ubongo.

Kwenye hospitali kubwa wanapita puani kwa bomba lenye kamera. Sisi tulipasua kwa wazi. Daktari anakata kwenye ncha ya ndani ya nyusi, anashuka kwa kuzunguka kando ya pua, anafika kwenye mfupa. Hapo trei yangu ingekuchekesha, ungedhani ni ya seremala: patasi, nyundo, koleo, na vijiko vyenye makali vya kukwangulia. Anatoboa, usaha unatoka, anakwangua, halafu anapitisha mpira mwembamba kutoka kwenye kile chumba hadi puani, ubaki humo wiki sita mfereji mpya usizibe. Ugonjwa ukiwa mkubwa zaidi ndipo tunashusha uso mzima kama nilivyosema, tunafungua mfupa kama kifuniko cha sanduku, tunajaza uwazi kwa mafuta yaliyotolewa tumboni kwa mgonjwa mwenyewe.

Nilichoshindwa kukielewa tangu zamani, na bado sijakielewa, ni matokeo. Kulikuwa na mfugaji wa Kinyangiri aliyepasuliwa saa tano nzima. Damu ilikuwa nyingi, taa ikazimika katikati, Mtaalamu wa Usingizi akawa anatukana chini ya barakoa yake. Tulisema huyu basi. Alipona kama hakuguswa. Akaja mwalimu mmoja wa kike, upasuaji safi, dakika tisini, hata mimi nikajipongeza. Miaka mitatu baadaye alirudi na uvimbe palepale. Mwingine jicho lilipona, lakini akawa anaona ng'ombe wake wawili wawili kila akitazama chini. Na karibu wote walibaki na paji lililokufa ganzi, nzi anatua, wao hawana habari.

Nilimfuata Daktari Bingwa nikamwuliza, "Vyombo ni vilevile, mvuke ni uleule, mikono ni yako ileile. Inakuwaje?"

"Bwana Ntandu, siku ukijua, uniambie na mimi."

Nilidhani ananitania. Siku hizi nadhani hakuwa ananitania.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijawahi kulisema. Mama mkwe wangu anaishi Sepuka. Kwa desturi niliyolelewa nayo mimi Mnyaturu, mkwe humtazami usoni. Humwiti jina, humpi mkono, humwulizi anakula nini wala anakunywa nini, maana kuuliza ni kama umekuwa ukimchungulia. Akipita unageuka. Mke wangu, Mama Rehema, aliniambia miaka mingi kwamba mama yake anaumwa kipanda uso. Mimi, mtu niliyeona mapaji ya uso yaliyofunuliwa kuliko mtu yeyote mkoani ambaye si daktari, sikuwahi kutazama paji lile moja. Alipoletwa mjini, jicho lake la kushoto lilikuwa limeshuka chini na nje. Wauguzi ndio walionieleza.

Picha ya kichwa alipigiwa Dodoma. Daktari Bingwa alisema apasuliwe mapema, la sivyo jicho litapotea. Mkwe anajua Kiswahili cha mnadani, cha kuuza kuku, lakini habari za kukatwa uso alitaka aambiwe kwa Kinyaturu. Muuguzi wa zamu alikuwa mtu wa Kagera. Mama Rehema alikuwa amekwenda kununua dawa. Daktari akaniita mimi. Nilikuwa mkalimani wa wodi ile kwa miaka, na sikuwa mkalimani wa kubahatisha. Nikaja, nikasimama mlangoni, nikampa mgonjwa mgongo.

"Bwana Ntandu, mgonjwa yuko huku."

"Najua, daktari."

"Sasa mbona unazungumza na pazia?"

"Ni mama mkwe wangu. Simtazami usoni."

"Tangu lini?"

"Tangu nioe. Mwaka wa ishirini na saba huu."

Daktari ni mtu wa pwani. Akasema, "Haya, liambie pazia. Baada ya upasuaji asipenge kamasi. Asiiname kuokota kitu. Alalie mito miwili. Chafya ikimjia, aachame mdomo. Mpira asiuguse. Na tumbaku ya aina yoyote asiiguse kabisa."

Nikatafsiri. Kupenga, nikasema. Kuinama, nikasema. Mito, chafya, mpira, nikasema vizuri, kwa heshima, kwa maneno ya watu wazima. Nilipofika kwenye tumbaku ulimi ukagoma. Nimwambie mkwe wangu habari za tumbaku? Kichwani mwangu tumbaku ilikuwa sigara, na sigara ni ya vijana wa stendi. Ningekuwa namtukana mama mzima mbele ya wodi. Lakini daktari alikuwa anasubiri, na sentensi yake ilikuwa bado haijapata mwenzake. Nikasema kwa Kinyaturu, "Na daktari anakuombea heri."

"Namshukuru," mkwe akajibu.

"Umemwambia yote?" daktari akauliza.

"Yote, daktari."

Vyombo vya siku ile nilivipika mwenyewe, dakika thelathini na tano. Sikuingia ndani. Nilikaa chumba cha kuoshea, kwenye dirisha dogo la kupitishia trei, nikawa nasikia nyundo. Nimesikia nyundo ile mara nyingi sana na sijawahi kuhesabu mapigo. Siku ile nilihesabu kumi na nne. Kisha nikamsikia Daktari Bingwa akimwambia msaidizi wake, "Mfupa wa nyuma umeliwa hapa. Ni laini kama ganda la yai. Taratibu." Wakamaliza. Mpira ukawekwa. Siku ya pili mkwe alikunywa uji, siku ya tatu aliuliza bei ya alizeti. Nilitembea koridoni kifua mbele.

Siku ya tano nilikuwa nasukuma toroli la trei nikasikia chafya wodi ya wanawake. Moja, mbili, zikafika saba. Sikujua ni za nani. Jioni Mama Rehema akanijia mbio.

"Baba Rehema, jicho la mama limevimba. Ukiligusa linaalika kama maganda makavu ya alizeti."

Daktari alisema ni hewa imeingia chini ya ngozi, itaondoka yenyewe. Ikaondoka kweli. Lakini siku ya saba Mama Rehema alinipa khanga ya mama yake niipeleke kufuliwa. Nikaikunjua. Pembe moja ilikuwa na doa kubwa la maji yaliyokauka. Hapo ndipo kazi yangu ilipozungumza. Kamasi ikikauka kwenye kitambaa inakakamaa kama uji. Doa lile lilikuwa limekauka laini, kitambaa kiko vilevile. Nimeosha vitambaa vya wagonjwa wa kichwa miaka yote ile. Maji yanayokauka laini hivyo huenda si ya pua, huenda ni ya ubongo.

Nilikimbia. Kwa umri wangu nilikimbia. Daktari Bingwa alipapasa khanga, akaenda wodini. Akamwambia mkwe ainamishe kichwa kidogo. Nilikuwa mlangoni, mgongo kwao, nikasikia matone yakidondoka kwenye bakuli la chuma.

"Bibi," daktari akasema kwa Kiswahili, "ulivuta tumbaku?"

"Mimi sivuti, mwanangu."

"Hukunusa kitu?"

"Kunusa ni ugoro, si kuvuta. Ugoro nilinusa siku ile ya chafya. Lakini nilinusa upande wa pili. Upande huu nilikuachia wewe na mpira wako."

Wodi nzima iliangua kicheko. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani akasema, "Huyu ana adabu, amempa daktari tundu lake!" Daktari hakucheka.

"Bwana Ntandu. Ulimwambia habari ya tumbaku?"

Pazia lile lilikuwa la kijani. Lina kiraka chini. Ningeweza kusema kweli kwa neno moja. Nilifikiria Mama Rehema aliyesimama pale, nikafikiria wauguzi wanaoniita Bwana Mvuke, nikafikiria miaka yangu yote bila trei moja kurudishwa.

"Nilimwambia," nikasema.

Mkwe alikuwa amesikia, na alikuwa ameelewa. Anajua nilichomwambia na anajua nisichomwambia. Nikasubiri aseme.

"Aliniambia," mkwe akasema kwa Kiswahili, polepole, ili kila mtu asikie. "Mkwe wangu aliniambia vizuri sana. Mimi ndiye mkaidi."

Basi alisemwa. Muuguzi alimsema, wagonjwa walimsema, Mama Rehema alimsema mama yake kwa ukali ambao sijausikia tena. "Mama, mtu anakueleza kwa lugha yako na bado unanusa! Unataka kufa utuachie aibu?" Mkwe akawa anaitikia, "Nimekosa. Nimekosa." Na mimi nimesimama palepale, natazama kiraka.

Maji ya ubongo yakivuja, njia iko wazi kwa vijidudu kupanda, na vikipanda mtu anaweza kufa kwa siku chache. Akalazwa kichwa juu, asitikisike, siku kumi. Hayakukoma. Akapelekwa Dodoma kupasuliwa mara ya pili, safari hii kwa kushusha uso mzima, na tundu likazibwa kwa kipande cha utando wa nyama kutoka pajani. Bima hakuwa nayo. Nilisema mbele ya ukoo, "Hii niachieni mimi." Niliuza ng'ombe, nikauza na alizeti iliyokuwa stoo, nikazuia mtu yeyote asichange hata shilingi.

Kule Dodoma nilimfuata daktari aliyemfanyia, mama mmoja mpole. Nikamwambia, "Daktari, niambie bila kunificha. Ile chafya ndiyo iliyotoboa?"

"Mzee, mfupa ulikuwa umeshaliwa na ugonjwa. Ungeweza kuvuja hata asingepiga chafya."

"Kwa hiyo si chafya."

"Sijasema hivyo. Chafya nayo ingeweza kuufungua."

"Sasa ni ipi?"

"Hakuna mtu atakayekuambia ni ipi."

Nilikaa kwenye benchi la nje nikazungusha maneno yale mpaka gari la Singida likaniacha. Kama mfupa ungevuja tu, basi sentensi niliyoiruka haikufanya kitu, na uongo wangu ulikuwa uongo mtupu usio na sababu. Kama ni chafya, basi nilimfungulia mkwe wangu ubongo kwa heshima. Nikishika hili, lile linanivuta. Miaka imepita na bado nakaa kwenye benchi lile.

Mkwe alipona. Anaishi. Paji lake limekufa ganzi, Mama Rehema ananiambia, na akitazama chini anaona miguu yake minne, kwa hiyo anashika ukuta akishuka ngazi. Nasikia kovu lake limepona vizuri, limefichwa na nywele. Nasikia tu. Sijaliona. Kwa nini alinifichia aibu yangu sijui, na sina njia ya kumwuliza, maana mkwe haulizwi jambo kama hilo, na mimi ningeuliza nikiwa nimeelekea wapi? Ugoro anaendelea nao. Tundu zote mbili.

Nilistaafu kwa hiari nilipofika miaka hamsini na mitano. Walinifanyia sherehe, Mganga Mfawidhi akasema Bwana Mvuke hakuwahi kukosea. Watu walipiga makofi, nami niliinama kama mtu anayestahili. Ninyi mnaoanza kazi, mshale uangalieni, mafundo yawe mawili. Na mkitafsiri, tafsirini hata neno linalowachoma ulimi. Zaidi ya hapo sina la kuwafundisha, kwa kuwa nilichokuwa na hakika nacho siku ya kwanza leo sina hakika nacho.

Ila kuna deni moja nilimalize hapa. Mkwe aliporudi Sepuka, kaka yake alisimama mbele ya ukoo akasema hajaona mkwe mwenye moyo kama wangu, aliyemhudumia mwanamke mkaidi bila kunung'unika wala kutaja bei. Walinishangilia. Mama Rehema alilia kwa furaha, na kila akiniuliza gharama ilifika kiasi gani nimemjibu kwamba mtu hahesabu anapotoa kwa upendo. Mama Rehema, nilihesabu. Mama yako hakuambiwa habari ya tumbaku, si na mimi wala na mtu mwingine. Haikuwa zawadi. Nilikuwa nalipia kunyamaza kwangu, na ilikuwa shilingi milioni moja, laki tatu, elfu themanini na sita na mia tano.